Mapigo Thelathini na Nne

Bibi Hosiana alitandika gunia chini ya ringi, akakaa. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, umande haujakauka, na watoto wa shule waliopita njia ya juu na mifagio yao walimwamkia kama siku zote, "Shikamoo bibi," wakidhani anangoja kikao cha akina mama. Hakuwa na kikao. Alikuwa anangoja kengele ilie.

Ringi yenyewe ilikuwa ya lori. Lori hilo lilianguka Segera zamani, mwenyewe akaliacha lioze, na wazee wa kanisa la Kilole wakaenda kuchukua ringi moja, wakaitundika kwa mnyororo kwenye boriti nje ya kanisa iwe kengele. Ikipigwa na nondo, sauti yake inashuka mpaka relini. Jumapili hugongwa harakaharaka, kama mama anayeita watoto waje kula. Siku ya msiba hugongwa polepole, pigo moja kwa kila mwaka aliouishi marehemu, na watu mashambani husimamisha majembe wakahesabu. Yakiwa mapigo manne, wanasema masikini, malaika. Yakifika themanini, wanasema huyo amekula chumvi nyingi, apumzike. Kisha wanainama tena kulima, kwa sababu magugu hayana msiba.

Upendo, binti yake Hosiana, alistahili thelathini na nne. Alikuwa amelala katika chumba cha baridi hospitalini Korogwe tangu Jumatano, na ringi ilikuwa kimya.

Ilikuwa kimya kwa sababu Upendo alitengwa. Ndivyo lilivyosema daftari la usharika: jina lake, tarehe, na neno hilo moja. Aliyetengwa hashiriki Meza ya Bwana, na akifa kabla ya kurudi kundini hagongewi, haimbiwi, wala mchungaji hamwagii udongo. Sheria hiyo haikushuka na mvua. Ilipitishwa na wazee wa kanisa, na katika wazee hao, wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa Hosiana mwenyewe.

Tuyaseme yote, maana kidonda hakiponi kwa kufunikwa kanga.

Miaka sita nyuma Upendo alikuwa akiuza machungwa Segera, pale njia ya Tanga, ya Arusha na ya Dar zinapokutana. Kaika, Mmaasai wa Mazingara kule Handeni, alikuwa akileta maziwa kwa pikipiki kwenye banda la jirani. Machungwa yakazoeana na maziwa. Kaika alikuwa na mke tayari, jina lake Noonkipa, naye Upendo akaenda kuwa wa pili, bila cheti na bila pete.

Kaika hakumwiba. Alikuja Kilole mara mbili kuomba, na blanketi jipya na galoni ya asali. Mara zote mbili alikataa kuingia ndani. Alisimama nje penye mpapai, uso ameugeuzia barabarani, chai ikapoa mezani mpaka ikafanya utando.

"Dharau ya wapi hii?" Hosiana alimwambia binti yake. "Anamtaka mtoto wangu, hataki chai yangu?"

Akairudisha asali na galoni yake.

Mwezi ule ule alisimama kwenye kikao cha wazee, akaomba Upendo atengwe. Alikuwa mwanamke pekee kati yao, darasa la saba la zamani, na Biblia iliyochakaa kwa kufunguliwa. "Nikimficha wangu," alisema, "nitawahukumu vipi wa wenzangu?" Wazee wakatikisa vichwa, wakasema huyu kweli ni mama katika Israeli. Naye moyoni alikuwa na hesabu zake za mfugaji: mbuzi aliyefungiwa nje ya zizi hulia, akilia hufunguliwa, akifunguliwa hatoroki tena. Mwezi mmoja, au miwili. Upendo atalia, atarudi.

Upendo hakurudi. Na Hosiana, aliyesoma kwamba mtu wa namna hiyo hata kula naye usile, hakula naye. Kwa miaka sita, basi lilipopita Segera, alihamishia macho dirisha la upande wa pili.

Halafu Jumatatu ile akaitwa hospitali. Alikwenda na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Akamkuta mwanawe amekonda mikono na kuvimba tumbo, ugonjwa wa shingo ya kizazi umeshatembea mwilini kote. Akavuta stuli, akakaa, akakosa pa kuanzia. Neno "pole" halikutosha, na "kwa nini" haikumfaa yeye kuiuliza.

Aliyeanza ni mgonjwa.

"Kitendawili."

Nyumba ile ya Kilole ililelewa kwa vitendawili. Wakati wa kupukuchua mahindi, mvua ikipiga bati, mama na mwana walitegana mpaka debe lijae. Upendo mdogo akishindwa, akiambiwa atoe mji, siku zote alitoa Segera, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa mbali.

"Tega," Hosiana akasema.

"Analia kila msiba, wala hana ndugu hata mmoja."

Hosiana alilijua jibu. Ni yeye aliyekitunga, siku baba yake Upendo alipozikwa, ili mtoto aache kulia. Jibu ni kengele. Lakini akainamia chupa ya uji, akaifungua.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Nakupa Kilole."

Upendo akacheka kidogo kwa midomo iliyokauka. "Kilole unipe wewe, mama. Wenyewe watakubali?" Akapumzika, akavuta hewa. "Nigongewe, mama. Wasiponiimbia, basi. Ile ringi tu. Walioko shambani wahesabu, wajue nilikuwepo."

"Utagongewa."

"Apa."

"Haki ya Mungu utagongewa. Kunywa uji."

Alikunywa vijiko vitatu. Ndicho chakula chao cha kwanza pamoja baada ya miaka sita, na Jumatano kabla jua halijatoka kilikuwa cha mwisho.

*

Alhamisi mchana Hosiana alikwenda mbele ya wazee, safari hii akiwa upande wa pili wa meza. Mchungaji Erasto alikuwa amehamia Kilole mwaka uliopita, kijana wa watu, mpole, mwenye kola nyeupe iliyomzidi shingo kidogo. Kando yake alikaa Mzee Gerald, katibu wa wazee, ambaye zamani alishirikiana na Stefano, marehemu mume wa Hosiana, kuibeba ringi ile mabegani kule Segera hadi kwenye gari.

"Pole sana, bibi," Mchungaji alisema.

"Nimepoa. Naomba kengele, na naomba shimo pembeni ya baba yake. Makaburi ya kanisa yana nafasi, nimeyafagia mwenyewe."

Mzee Gerald alifungua daftari, akalifunga tena.

Hosiana akafungua Biblia yake penye jani la mpera aliloliweka alama. "Mchungaji, nisaidie mimi nisiyesoma sana. Rispa alikuwa nani?"

Erasto akakunja uso akikumbuka. "Alikuwa suria wa mfalme Sauli."

"Ehee. Suria. Kwa maneno ya daftari letu angeandikwaje?"

Mmoja wa wazee akakohoa.

"Sauli alikosa," Hosiana akaendelea, "akafa na makosa yake. Njaa ikaingia nchi, wakubwa wakatafuta wa kulipa. Wakawachukua wana wa suria yule, na wengine wa ukoo ule, wakawatundika kilimani, wakawaacha huko bila kaburi. Rispa hakuwa na jeshi, hakuwa na cheo. Akachukua gunia, akatandika juu ya mwamba. Mchana anafukuza ndege, usiku anafukuza wanyama, mpaka mvua ikanyesha. Miaka yote nimeifundisha hadithi hiyo nikisema, tazameni moyo wa mama. Nikaishia hapo. Jana nimeisoma mpaka chini. Mfalme aliyetawala baada ya Sauli aliposikia alichofanya suria, akaona aibu, akaenda kuiokota ile mifupa, akaizika kwa heshima. Ndipo Mungu akasikia maombi ya nchi. Baada ya mazishi, wazee wangu. Kabla ya hapo walikuwa wanaomba bure."

"Hilo ni Agano la Kale," mzee mmoja akasema.

"Na huyu ni maiti wa jana."

Mchungaji alikuwa anatazama meza. Hosiana aliiona ile namna ya kutazama, akajua kijana huyu anakubaliana naye, na akajua pia kwamba hatasema.

"Suria mmemwacha ndani ya Biblia, mnamsoma mkiwa mmevaa majoho," akamalizia. "Upendo mmemfuta kwenye daftari. Mimi ndiye niliyewapa kalamu. Sasa naomba tufute vizuri, tufute lile neno."

Mzee Gerald akainua kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliuma. "Hosiana, dada yangu. Kanisa si gulio, kila mtu aingie na kutoka apendavyo."

Kiko kitendawili ambacho jibu lake hulijui mpaka likupate: nilimtuma akapige wenzangu, karudi kunipiga mwenyewe. Ni neno. Hilo la gulio lilikuwa neno lake. Alilisema miaka mitano nyuma, katika chumba kile kile, mama mmoja jirani alipokuja kuomba mwanawe Isaka agongewe. Isaka alikuwa ameishi na wanawake wawili, akagongwa na lori njia ya Mombo. Alizikwa bila hata pigo moja, na Hosiana alikwenda msibani akiwa na sufuria ya maharage, akashangaa mbona mama mtu hakumpokelea.

"Ipo njia," Mzee Gerald akasema kwa upole. "Kesho au keshokutwa usimame mbele ya waumini, utubu kwa niaba yake. Useme alikufa katika uzinzi na ukaidi, na familia inaomba radhi. Ukisema hivyo, kabla ya adhuhuri tutagonga, na shimo litachimbwa."

"Niseme hivyo kwa mdomo wangu?"

"Kwa mdomo wako. Ni maneno mawili tu, Hosiana."

Aliyafikiria. Msimfanye malaika, aliyafikiria kweli. Alimwahidi mwanawe, aliapa, na bei yake ilikuwa maneno mawili. Alifumba macho akajiona amesimama pale mbele, akamwona na Upendo.

"Nilishasimama mara moja kumsema," akajibu. "Safari ile alikuwa na miguu, akakimbilia Mazingara. Sasa nikimsema atakimbilia wapi?"

Akachukua Biblia yake, akatoka. Ndiyo maana Ijumaa asubuhi alikuwa na gunia.

*

Alikaa siku nzima. Jua lilipozunguka naye alizunguka, akifuata kivuli chembamba cha boriti. Watu walipita. Wengine walisema pole wakiongeza mwendo. Mwenyekiti wa akina mama alikuja kumwambia anajidhalilisha, mtu mzima kama yeye. Mwingine akamnong'oneza kwamba anamwelewa, ila asimtaje. Nondo ya kugongea ilikuwa imefungiwa ofisini, na Mzee Gerald alikuwa na ufunguo mfukoni.

Mnamo saa nane akaja mama yake Isaka. Hawakuwa wamesalimiana kwa miaka mitano isipokuwa kwa kidevu. Mkononi alikuwa na gunia, lile la sukari lenye mistari.

"Hosiana."

"Mama Isaka."

"Sogea kidogo."

Hosiana akamtazama. "Umekuja kunicheka?"

"Nilitaka. Nimecheka jana nzima, sikupata raha." Akatandika gunia lake, akakaa kwa kuguna, magoti yakilia. "Nimekuja kukaa."

"Mama Isaka, yale niliyoyafanya kwa mwanao..."

"Sijakusamehe," mama Isaka akasema. "Usianze. Nikikusamehe leo itakuwa kwa huruma ya msiba, wiki ijayo nitajuta. Wewe sogea tu, umechukua kivuli chote."

Wakakaa. Baadaye mama Isaka akatoa mihogo ya kuchemsha kwenye kitambaa, akaivunja, akampa nusu. Hosiana alishika kipande kile mkononi muda mrefu. Akamkumbuka aliyeiandika ile aya ya kutokula na mtu, akamfikiria na Bwana, aliyekwenda kuketi mezani kwa watoza ushuru mpaka watu wakamwita mlafi. Wote wawili walikuwa ndani ya kitabu kimoja. Miaka sita alikuwa amemfuata mmoja akampita mwingine barabarani. Akala muhogo. Haukuwa na chumvi.

Jioni walirudi nyumbani. Rispa alikesha, lakini Rispa hakuwa na magoti ya Hosiana.

*

Jumamosi saa nne, wote wawili wakiwa wamerudi kwenye magunia yao, pikapu ilipanda polepole ikasimama njiani mkabala na kanisa. Nyuma kulikuwa na jeneza limefungwa kwa kamba, juu yake shuka nyekundu. Kaika alishuka akasimama upande wa pili wa gari, uso ameugeuzia bondeni. Aliyekuja ni mwanamke mrefu mwenye shanga, kichwa amekinyoa, anatembea kama aliyebeba maji.

"Shikamoo, yeyo," alisema. "Yeyo" kwao ni mama. "Mimi ni Noonkipa."

Hosiana alikuwa amemchora kichwani kwa miaka sita, mwanamke huyu, wakati mwingine akiwa mshenzi, wakati mwingine adui. Sasa alikuwa na macho mekundu na viatu vya matairi.

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Tumemtoa hospitali. Tumemwosha, mimi na dada mwingine. Kaika anauliza, tunamlaza hapa kwa baba yake au twende naye? Kule ana nyumba yake. Alijenga mwenyewe, mimi nilikanda udongo."

"Mbona haji kuniuliza yeye? Hata leo ananipa kisogo?"

Noonkipa akashangaa. "Wewe ni mama wa mke wake. Hawezi kukukaribia hivyo, wala kula mbele yako. Ni heshima. Hakukuambia Upendo?"

Hosiana akaangalia kule kwenye gari, kwa yule mwanamume aliyekuwa akitazama bonde kwa bidii kama aliyepewa kazi ya kulilinda. Mara mbili alikuja na asali. Mara mbili alimheshimu kuliko mkwe yeyote wa mtaa ule, na chai ikapoa.

"Labda aliniambia," akasema. "Mimi sikuwa nasikia."

"Alikuwa anasali, yeyo. Kila Jumapili, kanisa dogo la karibu na Segera, anakaa nyuma. Mimi nilimsindikiza siku nyingine, nasikiliza nyimbo. Wakianza kupita kwenda kula ile mkate ndogo, anatoka nje kwenye bomba, ananawa mikono. Ananawa, ananawa, mpaka wamemaliza. Halafu anarudi. Nikamwuliza, kwani mkono yako ina nini? Akasema, mama yangu akinipigia simu nitaacha kunawa."

Mama Isaka, aliyekuwa amekaa kwenye gunia lake, akajifunika uso kwa kanga.

Hosiana akainuka. Alitembea mpaka kwenye bustani ndogo ya maua mbele ya kanisa, iliyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Akang'oa jiwe moja, la ukubwa wa mkate, akarudi nalo chini ya ringi. Akaliinua kwa mikono miwili, akapiga.

Sauti ilitoka. Haikuwa nzuri kama ya nondo, ilikuwa na mkwaruzo, lakini ilitoka ikashuka bondeni. Yeye akasema kwa sauti, "Moja."

Akapumzika kama ipasavyo. Akapiga tena. "Mbili."

Mlango wa ofisi ukafunguka. Mzee Gerald alikuja mbio, mzee wa miaka sabini na tano, kandambili moja imebaki nyuma. Hakumgusa Hosiana. Aliikumbatia ringi. Aliizungushia mikono yote miwili, akabandika shavu lake kwenye kutu, akafumba macho.

Hosiana akapiga pigo la tatu. Likasikika kama mtu anayegonga gunia la mahindi.

"Usifanye hivi, Hosiana. Nakuomba."

"Toka, Gerald. Uliibeba hii na baba yake."

"Nikitoka, tutawaambia nini wale waliotangulia? Wako tisa kwenye daftari. Tisa tuliwazika kimya. Nikimgongea huyu, wale tisa niwaambie nini?"

Mama Isaka alijibu pale pale alipokaa, bila kuinuka. "Waambie mlikosea."

Mzee Gerald alifungua macho. Machozi yalikuwa yanashuka kwenye chuma. Lakini mikono yake haikuachia. Watu hudhani mlango hufungwa na mtu mbaya. Mara nyingi hufungwa na mtu anayelia. Mchungaji Erasto alikuwa amesimama penye mlango wa ofisi, mkono mmoja shingoni kwenye ile kola. Hosiana alimtazama. Alingoja kadiri mtu anavyoweza kungoja na jiwe mikononi. Kijana alifumbua mdomo, kisha akaufumba.

Hosiana hakulirudisha jiwe kwenye maua. Alilitia katika mkoba, juu ya Biblia.

"Twende kwake," akamwambia Noonkipa.

*

Njia ya Mazingara ni ndefu. Gari lilipita Segera, pale pale. Safari hii Hosiana alikaa dirisha la upande ule, akatazama. Aliona banda la machungwa, na ndoo ya bluu iliyofunikwa, na mahali patupu kwenye benchi.

Walimzika alasiri, nje kidogo ya boma, ardhi kavu inayokataa jembe. Walikuwepo majirani, Waislamu na Wakristo na wasio na dini ya kuandikwa, na wauza machungwa wanne waliofunga biashara. Hapakuwa na mchungaji, kwa hiyo Hosiana alisimama yeye. Alifungua kitabu. Akaombea mwili, akaombea roho, kisha akasema:

"Nilitakiwa kutubu. Natubu. Si kwa niaba ya mtu. Nilikuwa na mtoto mmoja, nikamfungia nje ili alie, kisha nikaziba masikio. Bwana, wewe uliyemwona Rispa, nimechelewa. Nimekuja na gunia baada ya ndege kula."

Noonkipa akasema amina, kwa lugha yake.

Ndipo pikipiki ikafika. Aliyeshuka ni Erasto, mwenye vumbi mpaka kwenye nyusi, amevaa shati la kawaida. Shingo yake ilikuwa wazi.

"Shikamoo, bibi. Nimekuja," akasema. "Nimekuja kama jirani."

"Marahaba, baba. Asante." Hosiana alimwangalia bila chuki, chuki ingehitaji nguvu. "Jirani ninao, unawaona hapa. Nilitaka mchungaji."

Erasto akamwomba mtu mmoja sepetu, akasaidia kufukia, na alifukia vizuri, kwa bidii, mpaka viganja vikachubuka. Hakusema neno la kanisa hata moja.

Kwa desturi ya watu wa Kaika, kila mmoja aliweka jiwe juu ya kaburi. Hosiana alitoa mkobani lile jiwe la chokaa, akaliweka upande wa kichwa. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, aliinamia udongo na kusema taratibu, kama mtu anayejibu kwa kuchelewa, "Ni kengele, mwanangu. Jibu nilikuwa nalo."

Kaika alikuwa amesimama mbali, amegeuza uso. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

*

Jumatatu Hosiana alirudi Kilole, akashuka na ndoo kwenda bombani karibu na reli. Ringi ilikuwa mahali pake, imesafishwa. Kwenye kutu lilibaki doa la chokaa tu. Kule bombani walikuwepo wanawake wa bondeni, wale walimao mpunga upande wa chini, wasiojua habari za juu.

"Shikamoo bibi. Habari za huko kanisani?"

"Marahaba. Nzuri."

"Juzi Jumamosi tulisikia kengele tukiwa shambani. Tukasimama kuhesabu. Pigo la kwanza, la pili, tukangoja, kimya. Tukasema, masikini, miaka miwili tu, hata hajajua kuitika jina lake vizuri." Mwanamke akajitwisha ndoo yake, akaiweka sawa kichwani. "Alikuwa mtoto wa nani?"

Maji yalikuwa yanafurika kwenye ndoo ya Hosiana, yanamwagikia miguuni. Hakuyafunga.

"Wangu," akasema.